Maji Yasiyofika Kwenye Rejeta

Mtu akiniletea gari hapa Isevya na kuniambia injini inachemsha, jambo la kwanza nililokuwa nikifanya, kabla hata ya kumuuliza ametokea wapi, ni kutoa thamostati. Nasema nililokuwa nikifanya. Thamostati ni kile kidude chenye springi kinachokaa mdomoni mwa njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji yasiende kwenye rejeta; injini ikipata moto kinafungua. Sisi mafundi wa Tabora tuliambiana kwamba kilitengenezwa kwa ajili ya nchi za theluji, na kwa kuwa hapa hakuna theluji, hakina kazi zaidi ya kutuharibia injini. Gari likishuka kutoka Dar halimalizi mwezi mjini bila kung'olewa thamostati, na mwenyewe anaondoka ameridhika kana kwamba ametolewa jino bovu.

Nimeng'oa nyingi kuliko fundi yeyote wa kiume wa mtaa wetu, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna aliyerudi kunilalamikia. Nalisema hili mapema ili mnielewe. Sikuwa mjinga wa kazi. Nilikuwa fundi mwenye jina, tena mkaidi, na vitu hivyo viwili vikikaa kwa mtu mmoja ni hatari kuliko ujinga.

Ufundi niliurithi kwa baba, aliyekuwa fundi bati, naye aliupata kwa wazee wake, watu waliofika mjini kwa njia ya misafara wakifua shaba na kuziba masufuria ya wasafiri, wakapenda mahali, wakakaa. Kaka yangu, aliyenitangulia kwa miaka saba, hakurithi kitu. Yeye alipelekwa shule, akaenda Dar kusomea ufundi wa ndege, akatumikia viwanja vya ndege mpaka akastaafu, na huko huko akajifunza kurusha ndege ndogo. Mimi niliachwa kwenye meza ya kulehemu kwa sababu mikono yangu ilikuwa imetulia, ingawa mdomo wangu, kama alivyosema baba, haukutulia hata siku moja. Sikumwonea kaka wivu. Huo ni uongo, nilimwonea, na wivu ule ulikuwa haujaisha siku aliporudi nyumbani na lori lililobeba injini iliyofungwa kwenye turubai.

Alikuwa amekuja kujenga ndege. Alisema hivyo uani kwa mama, kule Cheyo, kama mtu anayesema amekuja kujenga banda la kuku. Mama akamuuliza ndege ya nani. Akasema ya kwangu, mama. Mama akasema basi uache nafasi ya kuanika nguo.

Aliacha nafasi, na kwa miaka mitatu shuka za mama zilianikwa pembeni ya mbavu za mbao na mabawa yaliyovikwa kitambaa. Wakaguzi walikuja kutoka Dar mara mbili, wakapima, wakagonga, wakauliza, wakaandika. Hakuficha kitu. Kila boliti ilikuwa na mstari wake kwenye daftari.

Injini ilitoka kwenye gari la michezo la Kijapani lililogongwa nyuma. Nilipoifungua naye mara ya kwanza nilidhani kuna vitu vimeibiwa, maana haikuwa na pistoni wala valvu. Ndani mlikuwa na rota mbili, kila moja ina pembe tatu na mbavu zimevimba kama andazi, zinazozunguka ndani ya chumba chenye kiuno. Basi. Kaka aliipenda kwa sababu ni ndogo, ni nyepesi, na haina mengi ya kukatika.

"Ina adui mmoja tu," aliniambia. "Joto."

Akanionyesha. Injini yenyewe ni vipande vitano vilivyobananishwa kwa boliti ndefu, na kati ya kipande na kipande umepita mpira mwembamba wa duara unaozuia maji yasiingie kwenye moto. Joto la maji likizidi digrii mia na kumi ule mpira unaanza kuiva. Ukiiva, maji yanaingia ndani na injini inakufa. Ukiwa kwenye gari unasimama kando ya barabara, unapiga simu.

"Kule juu hakuna kando ya barabara," akasema. "Ndiyo maana nataka maji unishughulikie wewe. Hapa mjini hakuna mwingine ninayemwamini."

Niliinamia zile boliti, asije akaona jinsi nilivyofurahi.

Rejeta ile niliitengeneza kwa mikono yangu, ya shaba, nyembamba kwa uso na nene kwa tumbo, ili ikae chini ya injini bila kuzuia upepo. Tuligombana kila kipimo. Mimi nilitaka upepo uingie kwa mdomo mpana. Yeye alitaka mdomo mdogo unaopanuka taratibu mpaka kwenye rejeta, na alikuwa sahihi, ingawa nilimkubalia baada ya wiki mbili. Yeye alitaka mipira ya maji ipinde mara tatu. Mimi nikakataa, nikamwonyesha kwamba kwenye kona ya juu hewa itajikusanya na kuziba njia, na hapo alikubali, akaweka tangi dogo mahali pa juu kuliko pote ili hewa ipate pa kutokea. Zile zilikuwa siku njema. Nilifunga duka saa tisa kila siku nikaenda Cheyo, na mama alitupikia kana kwamba tuna miaka kumi.

Tulipowasha kwa mara ya kwanza, mkia umefungwa kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya zege, majirani walipanda juu ya viti kuchungulia ukutani. Propela ilipeperusha kanga za mama mpaka nyumba ya tatu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa joto. Ukapanda themanini, tisini, tisini na nane. Rejeta yangu nilipoigusa ilikuwa baridi kabisa. Mia na tano. Nikapiga kelele azime. Kaka akainua kidole kuniambia nisubiri, na kweli, baada ya muda mpira wa juu ukatetemeka, rejeta ikapata moto ghafla, mshale ukashuka mpaka themanini na nne ukatulia.

Alipozima nilikuwa nimepanda mori.

"Toa ile thamostati."

"Haina kosa. Kuna hewa imejificha chini yake, haipati joto la maji kwa wakati. Nitaitoboa tundu dogo la kupitisha hewa."

"Kaka, hii ni Tabora. Toa."

"Mdogo wangu, injini hii siyo ya magari yako. Haitolewi. Na usiguse kitu hapa bila kuniambia."

Magari yako. Neno hilo liliniingia. Angeweza kunieleza kwa nini haitolewi. Angetumia dakika mbili tu. Lakini alikuwa na desturi ya watu wa ndege, kwamba kilichoandikwa kwenye kitabu kimeandikwa, na mimi sikuuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri kwamba kuna kitu cha maji nisichokijua.

Aliitoboa tundu lake. Tulipowasha tena thamostati ilifunguka ikiwa imechelewa kidogo, tisini na tatu. "Kila mara ndiyo tabia yake," akasema. "Itapanda, itafunguka, itashuka. Usiogope." Yeye aliridhika. Mimi nililala vibaya. Nilimwona angani, mshale unapanda, kidude kimegoma kufunguka. Nimeona thamostati nyingi zilizogoma.

Ijumaa iliyofuata alivaa kanzu akaenda msikitini, akaniacha nikaze mipira ya maji. Niliposikia adhana nilikuwa tayari na spana mkononi. Nilifungua kifuniko, nikaitoa, nikaishika kwenye mwanga. Ilikuwa na sahani ya juu kama zote. Chini yake ilikuwa na sahani ya pili, pana, kwenye springi yake yenyewe. Nikaitazama ile sahani. Nakumbuka niliitazama, na nakumbuka nikajiuliza ni ya nini, na nakumbuka kwamba chini kabisa ya chumba ilimokuwa imekaa palikuwa na tundu la ukubwa wa kidole gumba. Kisha nikaweka gasketi mpya, nikarudisha kifuniko, nikakaza. Thamostati nikaitia mfukoni. Nilifanya kwa mapenzi, kama kuna mtu anataka kujua. Nilikuwa namwokoa kaka yangu kutoka kwenye kitabu chake.

Aliporudi akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza," nikasema.

Kesho yake asubuhi, upepo wa kipupwe unavuma na baridi imeshika mji, tuliwasha. Mshale ulikaa sabini na tisa, haukutikisika. Kaka alicheka, akanipiga bega. "Umeona? Lile tundu langu limefanya kazi." Nami nikacheka kweli kweli, kimoyomoyo, nikisema tundu lako! Kwenye ua wa mama hatukuweza kuipa injini nguvu zote, kwa ajili ya kuta na kwa ajili ya majirani. Hilo sikulifikiria.

Kibali cha kurusha kwa majaribio kilipofika, ndege ilipelekwa kwa lori hadi kiwanja cha zamani cha vumbi nje ya Igalula, mabawa yakiwa yamefunguliwa na kulazwa juu ya magodoro. Kiwanja chenyewe ni kifupi. Upande mmoja una miombo, upande mwingine matuta ya viazi. Mkaguzi alikuja siku mbili baadaye, kijana mpole aliyeniamkia shikamoo kabla ya kumwamkia kaka, akakagua asubuhi nzima. Kaka aliipa injini nguvu zote kwa dakika moja, ndege imefungwa. Mshale ukafika tisini na moja. Mkaguzi akaandika, akatikisa kichwa kukubali.

Mimi nilikabidhiwa redio ya mkononi na daftari. Kazi yangu ilikuwa nyepesi: kila nusu dakika kaka angenisomea joto la maji, nami ningeandika. Alivaa kofia ngumu, akafunga mkanda. Nikamshika mkono. Nilitaka kumwambia. Siyo kwa sababu nilidhani nimekosea, bali kwa sababu saa ile ilionekana si vizuri mtu apande na kitu asichokijua. Akaniuliza, "Vipi?" Nikasema, "Nenda salama."

Ndege ilikimbia, ikaruka kidogo, ikagusa, ikaruka, na haikurudi chini. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Ikapita juu ya miombo, ikapinda, ikaanza kupanda kwa kuzunguka kiwanja kama tulivyopanga.

"Themanini na tano," ikasema redio. Nikaandika.

"Tisini." Nikaandika.

"Tisini na nne. Thamostati imeanza kuchelewa." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeagiza chai.

"Tisini na nane."

Niliandika tisini na nane, na kalamu ikiwa bado kwenye karatasi nikaiona ile sahani ya chini. Niliiona wazi kuliko siku ile nilipokuwa nimeishika. Sahani ya juu ikifunguka, ya chini inashuka, na inaposhuka inaziba lile tundu la ukubwa wa kidole gumba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Na lile tundu linarudi moja kwa moja kwenye pampu. Ukiondoa kidude chote, njia ya rejeta iko wazi, ndiyo, lakini njia ya mkato nayo iko wazi, na maji hayapendi kupita kwenye shaba nyembamba kama yana njia fupi. Injini ikienda polepole hakuna anayejua. Ikipewa nguvu, maji mengi yanazunguka pale pale, kutoka kwenye moto kurudi kwenye moto, hayafiki kwenye rejeta.

Halafu nikaelewa jambo la pili, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kaka alikuwa anasubiri. Itapanda, itafunguka, itashuka. Alikuwa amekaa kule juu anangoja ifunguke, na iliyotakiwa kufunguka ilikuwa Isevya, ndani ya kopo la misumari.

"Mia na mbili," ikasema redio. "Unanisikia, mdogo wangu?"

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Sikukibonyeza. Niliandika mia na mbili, kwa mwandiko mzuri. Mkaguzi alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwangu, mikono nyuma, uso juu. Nilijiambia pengine itatulia hapo. Baridi ya juu ni kali, nilijiambia, upepo ni mwingi, rejeta ni nzuri, nimeitengeneza mwenyewe. Itatulia mia na tatu, atashuka, nitairudisha kwa siri Ijumaa ijayo, na hakuna atakayejua. Ndivyo nilivyofikiri. Mtu akiniambia leo kwamba nilipigwa na bumbuwazi nitamshukuru, lakini haikuwa bumbuwazi. Akili ilikuwa inafanya kazi vizuri sana.

"Mia na sita. Mdogo wangu, unanisikia?"

Nikaandika mia na sita.

"Mia na tisa," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti ilikuwa na kitu ndani yake. "Sijui kama unanisikia. Naipa dakika moja zaidi, ipate upepo. Ikifunguka itashuka."

Ndege ilikuwa imevuka reli, inazidi kupanda, pua imeelekea mashariki, mbali na kiwanja. Dakika moja. Nikabonyeza.

"Kaka, usisubiri. Haitafunguka. Haimo."

"Haimo nini?"

"Thamostati. Niliitoa, ile Ijumaa. Na tundu la chini liko wazi, maji yanarudi kwenye pampu, hayaendi kwenye rejeta. Rudi. Punguza nguvu, rudi."

Mkaguzi alikuwa amegeuka ananitazama. Nilisikia mtu anapalilia mahali fulani, jembe likigonga udongo mkavu, tena na tena.

"Nimekuelewa," akasema kaka.

Mlio wa injini ulishuka hapo hapo. Ndege ikalala ubavu, ikageuka, na nyuma yake ukatokea uzi mweupe wa mvuke, mwembamba, kisha mnene. Mkaguzi alisema kitu kwa sauti ndogo, nadhani alikuwa anaomba. Mlio ukakohoa mara mbili. Kisha propela ikasimama, nikaweza kuyaona mapanga yake yote, na ndege yote ikawa haina sauti.

Sijui ilichukua muda gani. Iliteremka juu ya reli, ikateremka juu ya miombo, na mimi nilikuwa natembea bila kujua natembea, redio kifuani. Ilikuja ikiwa juu mno. Hata mimi niliona ni juu mno, kwamba itapita kiwanja chote na kwenda kupinduka kwenye matuta. Kaka akailaza upande, ikashuka kama mtu anayeshuka ngazi kwa ubavu, akainyoosha, ikagusa vumbi katikati ya kiwanja. Ikakimbia. Matuta yalikuwa mbele yake. Ikakimbia, ikapungua, ikapungua, gurudumu la mbele likapanda tuta la kwanza likakunjika, ndege ikainamisha pua na kukaa.

Nilikimbia kuliko nilivyokimbia tangu utoto. Nilipofika alikuwa ameshafungua mkanda, amekaa ukingoni, miguu chini, anavua kofia kwa mikono miwili. Na mimi, badala ya kumkumbatia, nikaanza kumfokea. Fundi gani hakagui kazi ya mwenzake? Fundi gani wa ndege anaacha mtu mwingine afunge kifuniko bila kutazama ndani? Nilifoka mpaka mate yakanikauka. Akaningoja nimalize.

"Naomba maji ya kunywa," akasema.

Mama mmoja mwenye jembe alikuwa ameshafika, mwenye shamba. Alituamkia kwanza kwa Kinyamwezi, mwangaluka, kama ilivyo adabu, kisha akauliza kama mtu ni mzima, na alipoona ni mzima akauliza nani atamrudishia tuta lake. Kaka akamwambia atalirudisha yeye mwenyewe, kwa jembe. Na alifanya hivyo, kabla hatujaondoka, mkaguzi akiandika kando yake.

Mkaguzi aliuliza nani alifunga mfumo wa maji. Kaka akasema ndege ni yake na sahihi ni yake. Nikasema niliitoa mimi, bila kumwambia. Kijana akaandika yote mawili. Kibali kikasimamishwa palepale, na injini tulijua bila kuifungua kwamba ile mipira ya ndani imeiva. Miaka mitatu ya kaka. Hilo nilikuwa tayari kulibeba. Nililia kidogo nyuma ya pikapu yangu, nikanawa uso, nikaona nimelibeba.

Tulirudi Tabora alasiri, mimi naendesha, kaka kando yangu na daftari langu mapajani. Alikuwa analisoma kwa utaratibu, kidole kinafuata mistari, jinsi alivyosoma kila kitu.

"Tisini na nane," akasema. "Hapa mwandiko umebadilika."

Nikakwepa shimo.

"Umeandika tisini na nane, mia na mbili, mia na sita, mia na tisa. Nilikuita mara mbili hapa." Akaweka kidole. "Ile redio ya mkononi ni kuukuu. Nilijua tangu Dar kwamba inakatika-katika. Ilikatika, siyo?"

Hakunitazama. Alikuwa anatazama barabara mbele, na alisema kwa upole kiasi kwamba nilielewa ananipa mlango. Nilichotakiwa ni kupita tu. Ningesema ndiyo, kaka, ilikatika, nayo ingekuwa imekatika, kwake na kwa mama na kwa mkaguzi, mpaka siku ya kufa kwetu. Tulipita gari la mbao, tukapita baiskeli mbili zilizobeba mkaa.

"Redio ilikuwa nzima," nikasema. "Nilikusikia mara zote mbili. Nilijua tangu tisini na nane. Nilikuwa nangoja itulie ili usijue."

Akafunga daftari. Akalishika tu.

"Nilijiambia ni redio," akasema. "Kule juu. Nilijiambia hivyo ili niweze kuendelea kurusha. Ningejua unanisikia na umenyamaza, mdogo wangu, mikono ingeniishia nguvu."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, kwa kuwa barabara ile ina mashimo, na mikono yote miwili ilihitajika kwenye usukani.